Kihisi cha kemikali na bayosensa: maana yake na jinsi vinavyotambua dutu

Tone moja la damu linagusa ncha ya kikaratasi cha kupimia sukari. Kikaratasi kinalinyonya, mashine inasubiri sekunde chache, namba inatokea kwenye kioo. Wengi wetu tunaishia kwenye namba hiyo. Mimi hupenda kuanzia hapo na kurudi nyuma, kwa sababu mashine ile haikuona sukari hata kidogo. Ilichopima ni umeme, tena mdogo sana. Kazi yote ya kihisi imo katika hatua zilizoifanya sukari iliyo kwenye damu ijulikane kwa njia ya umeme.

Kihisi, ambacho wengine hukiita sensa, ni kifaa kinachokutana na jambo fulani na kulitolea ishara inayosomeka. Vipo vya joto, vya mwanga, vya mgandamizo. Kihisi cha kemikali kinajibu swali la aina nyingine: je, dutu hii ipo hapa, na ni kiasi gani? Bayosensa, yaani kihisi cha kibiolojia, inajibu swali hilohilo, ila sehemu yake inayotambua imechukuliwa kwa viumbe hai: kimeng'enya (protini inayoharakisha badiliko la kemikali), kingamwili (protini ya kinga inayokamata kitu maalumu), kipande cha DNA, pengine bakteria mzima. Hapo jina huwapotosha watu, wakadhani bayosensa ni chochote kinachopima mwili. Sivyo. Kipimajoto kinawekwa kwapani lakini si bayosensa. Kifaa kinachotumia bakteria kupima arseniki, ile sumu, kwenye maji ya kisima ni bayosensa, ingawa arseniki yenyewe haina uhai wowote. Kinachokipa kifaa jina ni kile kinachotambua, wala si kile kinachopimwa.

Kila kihisi cha namna hii kina sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni kitambuzi, kinachoinasa dutu inayotafutwa au kuibadilisha. Ya pili ni kigeuzi, kinacholigeuza tukio hilo kuwa ishara: mkondo wa umeme, volti, rangi, mwanga, joto, hata uzito. Ndiyo, uzito. Kipande chembamba cha fuwele ya kwazi hutetemeka kwa kasi isiyobadilika kikipewa umeme; molekuli zikitua juu yake, kasi hiyo inapungua kidogo. Mwaka 1959 Günter Sauerbrey wa Ujerumani alionyesha uhusiano kati ya upungufu huo na uzito uliotua, na tangu hapo fuwele hizo hutumika kupima tabaka za vitu zenye uzito wa nanogramu.

Kigeuzi, kwa maoni yangu, ndicho sehemu nyepesi ya hadithi hii. Ugumu uko kwenye kutambua. Joto ni joto, lakini dutu ni mamilioni, na nyingi zinafanana kama mapacha. Kihisi kinatakiwa kumjua mmoja tu katikati ya umati, na kisidanganywe na ndugu zake.

Turudi kwenye sukari. Leland Clark wa Marekani alikuwa ametangaza mwaka 1956 elektrodi, yaani ncha ya kupitishia umeme, ya kupimia oksijeni kwenye damu. Mwaka 1962, yeye na Champ Lyons wakapendekeza wazo ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa bayosensa: kukiweka kimeng'enya glukosi oksidesi katika utando mwembamba mbele ya elektrodi hiyo. Kimeng'enya hiki hushughulika na glukosi na kuziacha karibu sukari nyingine zote. Kikiikuta, kinaibadilisha, na katika kuibadilisha kinatumia oksijeni na kutoa hidrojeni peroksidi. Glukosi ikiwa nyingi, oksijeni iliyo karibu na elektrodi inapungua zaidi. Pima upungufu huo, umeijua sukari. Baadaye ikaonekana ni afadhali kupima ile peroksidi inayozaliwa, na mwaka 1975 mashine ya kwanza ya aina hiyo ikaanza kuuzwa kwa maabara.

Lakini tazama kilichojificha hapo. Kimeng'enya kinachagua vizuri, elektrodi haichagui. Ili ipime peroksidi, inapewa volti ambayo inatosha pia kuondoa elektroni kwenye vitamini C, na hata kwenye parasetamoli. Mtu akiwa amemeza dawa ya kichwa, baadhi ya vihisi vinavyotegemea peroksidi vinaweza kuonyesha sukari ya juu kuliko ilivyo. Umeme uliopimwa ni wa kweli kabisa, ila sehemu yake haikutoka kwa sukari. Ndiyo maana watafiti walitafuta wapokezi wengine wa elektroni badala ya oksijeni, wanaofanya kazi kwa volti ndogo. Ferosini, kemikali yenye chuma iliyotangazwa kwa kazi hiyo mwaka 1984, ni mmoja wao, nayo ilifungua njia ya mashine ndogo zinazoshikwa mkononi.

Kuna kosa jingine ambalo ningependa kila anayepima sukari nyumbani alijue, maana dawa yake ni maji na sabuni tu. Ukimenya tunda, kisha ukatoboa kidole bila kunawa, namba inaweza kupanda sana. Kihisi hakijakosea: kimepima glukosi iliyoletewa, na nyingine ilikuwa juu ya ngozi. Tone la damu ni dogo mno, kwa hiyo mabaki kidogo ya utomvu yanatosha kulibadilisha.

Kipimo cha mimba kinaonyesha upande mwingine wa utambuzi. Homoni inayotafutwa, hCG, imeundwa kwa vipande viwili, alfa na beta. Kipande cha alfa kinafanana na kile cha homoni nyingine tatu ambazo mwili huwa nazo hata pasipo mimba. Kingamwili ikikamata alfa peke yake, kipimo kitamwambia karibu kila mtu kwamba ana mimba. Kwa hiyo utambuzi umeegemezwa kwenye beta. Mkojo unapanda kwenye karatasi na kukutana na kingamwili zilizobeba vijipunje vyenye rangi, mara nyingi vya dhahabu, ambavyo vikiwa vidogo hivyo huonekana vyekundu. Homoni ikiwepo, inanaswa navyo na kusafiri pamoja navyo. Mbele kuna mstari wa kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye karatasi. Nazo zinaikamata homoni hiyohiyo upande wake wa pili. Homoni imebanwa katikati, vijipunje vinarundikana, mstari unaonekana. Mstari wa pili, ule wa uhakiki, unakuambia tu kwamba mkojo umepita na rangi imefanya kazi. Usipotokea huo, kipimo hakijasema lolote, wala si kwamba jibu ni hapana.

Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba kipimo hiki kinaweza kushindwa kwa sababu homoni imezidi. Ikiwa nyingi kupita kiasi, kingamwili zinazosafiri zinajaa, na zile za kwenye mstari nazo zinajaa, kila moja ikiwa imeshika homoni yake. Hapabaki nafasi ya kubanana. Mstari unafifia ilhali dutu imefurika. Maabara hulitatua hilo kwa kuzimua sampuli na kupima upya.

Vihisi vya gesi vinafuata njia nyingine kabisa. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi wa Japani aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya metali, na vizazi vya kihisi hicho vimo katika ving'ora vya gesi ya kupikia. Oksidi ya bati hupashwa moto hadi nyuzi mamia kadhaa. Oksijeni ya hewani hukaa juu yake na kushika elektroni, umeme ukapita kwa shida. Gesi inayoungua ikifika, inaila oksijeni hiyo, elektroni zinaachiwa, umeme unapita kwa urahisi, king'ora kinalia. Kihisi hiki kinadumu kwa miaka, ila hakichagui: mvuke wa pombe nao unaweza kukiamsha.

Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd, wakiwa Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, waliugeuza udhaifu huo kuwa mbinu. Badala ya kutafuta kihisi kimoja kisichokosea, walikusanya kadhaa visivyochagua vizuri, kila kimoja kikikosea kwa namna yake, wakasoma majibu yao kwa pamoja. Harufu ikawa ni sura ya majibu hayo yote. Ndivyo ilivyozaliwa pua ya kielektroniki, na ndivyo pua ya kweli inavyofanya kazi pia.

Kuhusu usikivu, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kifaa kinaweza kukigundua, chukua arseniki. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Hiyo ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika lita 100,000. Bakteria kadhaa wana jeni za kujikinga na arseniki, zinazowashwa na arseniki yenyewe. Watafiti huunganisha swichi hiyo na jeni inayotoa rangi au mwanga, na bakteria akawa kihisi. Kifaa chochote, kikipewa maji yasiyo na dutu, hakitoi sifuri ileile kila mara. Namba zinatetereka kidogo. Ukomo wa utambuzi huhesabiwa kutokana na mtetereko huo, kwa kawaida mara tatu yake. Chini ya hapo huwezi kusema umeona dutu au umeona mtetereko.

Na hapa ndipo tafiti nyingi zinapokwama. Kihisi kilichong'aa kwenye maji safi ya maabara kinapelekwa kwenye damu, na protini zinagandamana juu yake ndani ya dakika chache, kitambuzi kikafunikwa. Vihisi vya sukari vinavyovaliwa chini ya ngozi vinapambana na hali hiyo mchana na usiku: mwili unaviona kama mgeni, kimeng'enya kinachoka, na vingi hubadilishwa baada ya siku 10 hadi 15. Kwa hiyo watafiti wengi wako kwenye utando wa juu, wakitafuta tabaka ambalo protini hazishiki, au kwenye vitambuzi vigumu zaidi kuharibika, kama aptameri, nyuzi fupi za DNA au RNA zinazochaguliwa maabara zikunje umbo la kushika dutu moja. Njia ya kuzichagua ilitangazwa mwaka 1990, na tofauti na kingamwili, aptameri ya DNA inaweza kupashwa joto ikakunjuka, kisha ikapoa na kurudia umbo lake.

Ukisoma habari ya kihisi kipya, tafuta kwanza kilipimwa ndani ya nini. Mtafiti makini huchukua damu, mkojo au maji ya mto kama yalivyo, huongeza kiasi cha dutu anachokijua, kisha hutazama kama kihisi kinarudisha kiasi hichohicho. Kikirudisha 98 kati ya 100, kuna la kuzungumza. Kikirudisha 40, basi dutu imo humo, lakini kuna kitu kingine kwenye sampuli kinachokizuia kuiona.