Mwogiek Mwenye Simu

"Wakili, hao Waogiek si wale wa zamani. Wanapanda viazi, wana pikipiki na simu. Haki za asili za nini tena?" Safari hii aliyesema hivyo ana shahada ya sheria, basi naandika ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Hoja hiyo ilishafika mahakamani ikashindwa. Oktoba 2009 serikali ya Kenya iliwapa Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, notisi ya siku 30 watoke msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa. Serikali ilijitetea kuwa maisha yao yamebadilika. Majaji wakajibu kwamba mavazi na alama huweza kubadilika, lakini yale yasiyoonekana, jinsi watu wanavyojitambua, mara nyingi hubaki.

Yasiyoonekana ni yapi? Kwa desturi yao kila ukoo una ukanda wake wa msitu unaopanda mlima, kwa sababu maua huchanua kwa zamu kulingana na mwinuko, na asali hufuata maua. Mzee aliyeacha kuvaa ngozi ya pimbi bado anajua mizinga ya babu yake ilitundikwa wapi. Mhamishie shamba tambarare, hata liwe na rutuba namna gani, ujuzi huo hauna pa kukaa. Baba yangu alitoa nyasi akaweka mabati. Hakuna aliyekuja kumuuliza kama shamba bado ni lake.

Na lile dai kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu? Mahakama ilitaja wavamizi wengine, ugawaji wa serikali yenyewe na vibali vya kukata miti. Tuendelee.

Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru Waogiek wapewe fidia ya shilingi 157,850,000 na hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 watu wakafurushwa tena Mau.

Hiyo hati ya pamoja nayo inanisumbua. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka daftari la wanajamii, na daftari lina mwandishi, na mwandishi ana shemeji. Halafu Katiba, ibara ya 63, inaita ardhi ya wawindaji na waokota matunda ardhi ya jamii. Ibara ya 62 inaita misitu ya serikali ardhi ya umma. Mau ni ileile. Wazee wakiniuliza ipi itashinda, naongea sana.