Kwa nini usukani huwa mzito, kisha mwepesi, baada ya kubadili injini?

Gari likishawekewa injini nyingine na shafti ya stelingi, yaani chuma kinachoshuka kutoka kwenye usukani, ikaguswa, usiende kulijaribu kwenye barabara ndefu ya kuelekea Bahi. Huko usukani hauzunguki vya kutosha. Nenda kwenye kipilefti chochote cha hapa Dodoma, zunguka polepole ukiwa umeushika usukani kwa vidole tu. Ukiona unakuwa mzito, unalegea, halafu unakuwa mzito tena kabla haujamaliza mzunguko mmoja, usikimbilie kulaumu pampu ya stelingi.

Mimi niliilaumu pampu. Tulikuwa tumeng'oa dizeli kwenye Hilux ya zamani, kwenye gereji moja huku Kizota, na kuweka V8 ya Toyota, ile 1UZ. Injini ya V kama hiyo ina eksozi pande zote mbili, na kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo manifoldi ya kulia, bomba linalokusanya moshi wa injini, ikakaa palepale shafti inaposhukia kwenda kwenye stelingi boksi, lile boksi la gia linalogeuza magurudumu. Fundi akatafuta shafti ya kati ya mtumba yenye krosi mbili, yaani viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda huku ikizunguka, akaipitisha kando ya manifoldi, pakabaki nafasi ya kidole. Tukaridhika. Siku ya kwanza barabarani usukani ukaanza kuvuta na kuachia. Nikabadili mafuta ya stelingi, nikatoa hewa, nikanunua pampu nyingine. Hali ikawa ileile.

Nilikuwa naamini krosi ni kiwiko tu: inapinda njia, lakini mzunguko unaoingia upande huu ndio unaotoka upande wa pili, hatua kwa hatua. Wengi niliowauliza waliamini hivyohivyo, wakiwemo watu wanaofunga propela za malori kila siku. Siwashangai, maana ukihesabu mizunguko mizima, hesabu inatoka sawa: usukani mara moja, boksi mara moja. Ukihesabu robo kwa robo, bado inatoka sawa. Tofauti imejificha ndani ya robo, na huko hakuna anayechungulia.

Chukua ungo. Ukingoni mwake chora kwa chaki alama kumi na mbili, kama saa ya ukutani, kisha usimamishe mbele ya macho yako. Kutoka alama hadi alama ni nyuzi 30, zote sawa. Sasa ugeuze ubavu kidogo, kama mlango ulioanza kufunguka, nyuzi 30 hivi. Duara limekuwa yai lililosimama. Alama ya 12 bado iko juu, ya 3 bado iko kulia. Lakini pima kutoka katikati jinsi unavyoliona hilo yai: toka 12 hadi 1 sasa ni kama nyuzi 27 tu, 1 hadi 2 ni karibu 30, na 2 hadi 3 zimefika karibu 34. Robo ni ileile, hatua za ndani hazilingani tena.

Krosi iliyopinda nyuzi 30 hufanya hivyohivyo. Mkono wako unakwenda kwa mwendo mmoja, ila upande wa pili unachelewa, unawahi, unachelewa, unawahi, mara mbili kwa kila mzunguko. Unapowahi, mkono unabeba zaidi, kama kupanda kilima na baiskeli yenye gia ya kukimbilia. Kwa pembe hiyo, sehemu nzito huzidi sehemu nyepesi kwa theluthi moja. Pembe ikiwa nyuzi 10 tu, tofauti haifiki hata asilimia 4, na mkono hauitambui. Mwingereza Robert Hooke aliigundua tabia hii katika karne ya 17, zamani kabla ya magari kujaa barabarani, na akaona kwamba mwendo huo usiolingana unafanana na wa kivuli kwenye saa ya jua. Hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka: kivuli cha jua na stelingi ya Hilux, hesabu moja.

Dawa yake ni krosi ya pili yenye pembe sawa na ya kwanza, na masikio ya krosi zote mbili kwenye shafti ya kati, yaani zile ncha zenye umbo la uma zinazoshika krosi, yatazame upande mmoja. Hapo ya kwanza ikichelewa, ya pili inawahi kwa kiasi kilekile. Ukiyapishanisha kwa robo mzunguko, zote mbili zinachelewa pamoja na kuwahi pamoja, na ile theluthi inageuka kuwa karibu mara 1.8.

Ndicho kilichotupata. Mzee mmoja fundi wa Chang'ombe alilala chini ya gari na tochi, akaniambia, "Zungusha taratibu, mwanangu." Kisha akauliza, "Haya masikio mbona hayasalimiani?" Shafti ile ni ya vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na tulipoipunguza urefu tuliirudisha bila alama. Akaichomoa, akaizungusha robo, akairudisha, akapiga mstari wa chaki juu ya vipande vyote viwili.

Si kila gari linataka masikio yatazame upande mmoja hivyo. Shafti ikishuka na papo hapo ikaenda pembeni, mpangilio sahihi unaweza kuwa umepishana nyuzi kadhaa, na ukiikuta ya kiwandani hivyo, weka alama kabla ya kufungua. Krosi zikifika tatu, shafti lazima ishikiliwe na beringi iliyofungwa kwenye chesisi, la sivyo inajikunja pembeni badala ya kuzunguka.

Nafasi ya kidole nayo haipimwi injini ikiwa imezimwa. Injini ikivuta hulalia upande juu ya mauntingi, ile mipira inayoibeba, na manifoldi ikipata moto hutanuka. Mzee aliniweka garini, mguu kwenye breki, akasimama pembeni huku boneti iko wazi: gia ya mbele, kisha rivasi, mafuta kidogo kila mara. Kwenye shafti yetu palikuwa na alama ya kung'aa, upana wa kucha. Mpira wa mauntingi ya kulia ulikuwa umepasuka, na kila tukirudi nyuma manifoldi ilikuwa inanyanyuka na kuigusa shafti. Tulifunga mpya, tukaipaka shafti rangi nyeupe pale, na hadi leo rangi haijakwanguka.