Je, wajua kwa nini kwenye soroban ukijumlisha 8 unatoa 2?

Mtoto anayeanza programu ya simu ya kujifunzia soroban, yaani abakasi ya Kijapani, fremu ya vijiti vyenye shanga za kuhesabia, hukwama mapema: ameambiwa aongeze 8, programu inamwelekeza aondoe shanga mbili. Programu haijakosea.

Kila kijiti cha soroban kina shanga tano. Ushanga mmoja uko juu ya mwamba wa katikati, thamani yake 5. Nne ziko chini, kila mmoja 1. Ushanga unahesabiwa pale tu unapougusa mwamba. Kwa hiyo 7 ni ule wa juu na mbili za chini, na kijiti hakivuki 9. Mwenye 4 akitaka kuongeza 8, shanga hazimtoshi. Lakini 8 ni 10 kasoro 2: anaondoa 2 kwenye mamoja, anaweka 1 kwenye makumi, anasoma 12.

Ndani ya kijiti ni vilevile. Kwa 4 + 3, ushanga wa juu unashuka na mbili za chini zinaondoka, maana 3 ni 5 kasoro 2. Jozi za kukariri ni saba tu: 1 na 4, 2 na 3 kwa 5, kisha 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5 kwa 10.

Pagumu ni kanuni hizi mbili zinapokutana. Chukua 6 + 8. Unatakiwa uondoe 2, lakini chini kuna ushanga mmoja tu uliopanda. Basi ondoa 5, rudisha 3, ndipo uweke 1 kwenye makumi: 14. Wengi huishia hapa na kurudi kwenye vidole.

Kosa lenyewe hujitaja. Jibu likipungua kwa 10, mtoto amesahau makumi. Likipungua kwa 5, amesahau ushanga wa juu.

Hesabu huanzia kushoto, kinyume na kwenye daftari. Kwa 47 + 38, kwanza 3 kwenye makumi, inakuwa 77, kisha 8 kwenye mamoja: 85. Aliyezoea kuanza na mamoja atalalamika kidogo.

Udhaifu wa programu nyingi ni kukagua jibu la mwisho tu. Mjanja anapiga hesabu kichwani, anapanga shanga baadaye, anapewa nyota. Mpe mfululizo bila kurudi sifuri: 4, ongeza 3, ongeza 8, toa 6. Shanga zipite 7, 15, hadi 9. Zima pia tarakimu zinazoonekana juu ya vijiti, la sivyo atasoma tarakimu badala ya shanga. Kwenye kioo kidogo cha simu kidole gumba hufunika vijiti viwili, hivyo kishikwambi kinafaa zaidi, na soroban ya mbao inazidi vyote.

Kasi yake si hadithi. Tarehe 12 Novemba 1946 jijini Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki alishindana kwa soroban na askari wa Marekani, Thomas Wood, aliyetumia kikokotoo cha umeme. Matsuzaki alishinda 4 kwa 1, akaangukia kwenye kuzidisha.

Sehemu ya programu inayoficha shanga ili mtoto aziwaze tu, ifunge mpaka zile jozi saba zimtoke bila kusita.