Mali Bila Daftari: Kuutambua Udanganyifu Kazini Kabla Haujaota Mizizi

Daftari la stoo la mkahawa mmoja hapa Malindi lilinifikia mezani mwezi wa Juni, katikati ya msimu wa upepo wa kusi. Safu ya samaki ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, bila kufutwafutwa. Kolekole kilo 20. Changu kilo 15. Nguru kilo 25. Kolekole kilo 20 tena. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, nikakuta nambari zilezile zinazoishia na sifuri au tano. Mizani haipimi hivyo. Ukimweka samaki juu ya mizani atakupa 17.4, atakupa 22.8, leo 9.6, na kilo ishirini kamili huja kwa nadra. Nambari za namna ile huandikwa na mtu aliyekaa kitini, mbali na mizani.

Kisha nikatazama tarehe. Wiki moja kulikuwa na siku nne mfululizo ambazo upepo ulivuma hadi wavuvi wa Shela wakavuta mitumbwi yao mchangani, na soko likakosa samaki. Daftari lilisema kwamba siku hizo nne mvuvi yuleyule alileta kilo 40 za samaki mbichi kila siku, akalipwa taslimu.

Mwenye mkahawa hakuamini. Mtunza stoo wake alikuwa naye mwaka wa tisa. "Huyu ni kama mwanangu," aliniambia, na nilimwona anaumia kusema. Lakini nilipomuuliza nani hupokea samaki, akasema ni huyo mtunza stoo. Nani hupima? Yeye. Nani huandika? Yeye. Na pesa za kumlipa mvuvi hukaa kwa nani? Kwake. Kazi nne ziliwekwa mikononi mwa mtu mmoja kwa miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuja kuhesabu.

Kwa miaka mingi kazi yangu katika kitengo cha ukaguzi imekuwa kufundisha wafanyabiashara na vyama vya ushirika namna ya kulinda mali yao. Neno ninalolisikia kila mahali ni uaminifu. "Namwamini." Ni neno zuri na sitaki kulivunja. Ila wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusema hivyo kwa kumshuku mtu. Hesabu humlinda hata aliye mwaminifu, kwa sababu pesa zikipungua na hakuna maandishi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yule aliyekuwa karibu nazo, awe ameziiba au hakuziiba.

Mtaalamu wa uhalifu wa Marekani, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa waliokuwa wamekabidhiwa pesa za watu wakazila, na mwaka 1953 akachapisha alichokiona. Mambo matatu yalikutana. Mtu alikuwa na shida ya pesa aliyoona haya kumwambia yeyote. Aliona mwanya ambao hakuna angemwona akiupitia. Na alikuwa ameshajitengenezea maneno ya kuituliza nafsi. Hilo la tatu nalisikia hapa pwani kila nikikaa na mtu aliyekamatwa. "Dada, sikuiba, nilikopa. Ningerudisha msimu wa watalii ukifunguka." Karo ya Januari, mgonjwa wa kupelekwa Mombasa, harusi ya ndugu: shida ni za kweli. Mwajiri hawezi kuzimaliza zote, ila anaweza kuwa na utaratibu wa kukopesha mshahara ulio wazi, ili mfanyakazi aombe mchana badala ya kuchukua usiku. Mwanya ndio ulio mikononi mwake kabisa, na hapo ndipo nguvu nyingi iende.

Tuanze na keshia. Mteja amemaliza kula, anauliza alipe wapi, naye anatajiwa nambari ya simu badala ya nambari ya tili, yaani ile ya biashara ya kupokelea malipo. Ujumbe wa M-Pesa utakaoingia kwenye simu ya mteja utaonyesha jina la mtu, si jina la biashara. Mgeni hajui tofauti, na bili baadaye hufutwa kwenye mashine kana kwamba chakula hakikuliwa. Bandikeni nambari ya tili ukutani na kwenye kila meza, kwa maandishi makubwa, pamoja na jina la biashara linalopaswa kutokea. Kwa Malindi, penye wageni wengi Waitaliano, maelezo hayo yaandikwe kwa Kiitaliano pia. Na bili yoyote inayofutwa itiwe sahihi na mtu wa pili, siku hiyohiyo. Tena, malipo yasithibitishwe kwa kutazama simu ya mteja, maana ujumbe wa uongo hutengenezwa kwa dakika moja. Yathibitishwe kwenye simu au kompyuta ya biashara yenyewe.

Msimu unapofunguka, Desemba, hoteli huajiri vibarua kwa makumi, na hapo huzaliwa vibarua hewa: majina kwenye karatasi ya mshahara ambayo hayana mwili. Dawa yake ni kumtuma mtu asiyehusika na orodha ile aende bustanini, jikoni na kwenye dobi, ahesabu watu waliopo, siku ambayo haikutangazwa. Nimeona orodha ya watu thelathini, na waliokuwepo kazini walikuwa ishirini na wawili.

Lakini udanganyifu wa kazini si wa mfanyakazi mdogo peke yake, na tukiufundisha hivyo tunamdhulumu. Kuna mwajiri anayekata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, anakata na ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kisha pesa hazifiki zinakopelekwa. Mama mmoja wa jikoni aliligundua hilo akiwa amemshika mtoto mwenye homa mbele ya dirisha la hospitali, karatasi zake za mshahara zikiwa zimeandika makato ya miezi yote. Huo ni udanganyifu kamili, hata kama aliyeufanya amevaa suti. Mfanyakazi, usingoje uumwe. Angalia michango yako mwenyewe kwa simu kila baada ya miezi michache, na karatasi za mshahara usizitupe.

Dalili? Naziandika kwa tahadhari. Mtu anayeishi maisha yaliyopita mshahara wake ni dalili, lakini mtu huyohuyo anaweza kuwa na shamba la minazi au kaka Ulaya, na wivu umeshaharibu sifa za watu wengi wasio na hatia. Mimi huangalia zaidi tabia ya kazi: asiyekwenda likizo kamwe, asiyetaka mtu amshikie daftari hata akiumwa, anayeng'ang'ania kushughulika na muuzaji mmoja peke yake, ambaye kila akiulizwa risiti hukasirika kwanza. Yule mtunza stoo hakuwa amechukua likizo kwa miaka sita. Tajiri wake alidhani ni bidii. Tangu siku ile nawaambia waajiri wote: likizo iwe lazima, angalau wiki mbili mfululizo, na mtu mwingine akae kwenye kiti kile kwa wiki hizo.

Na sikilizeni watu wenu. Ripoti ya 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, ilichambua kesi 1,921 na kukuta asilimia 43 ziligunduliwa kwa kudokezwa, na zaidi ya nusu ya waliodokeza walikuwa wafanyakazi. Kwa kawaida udanganyifu ulikuwa umeshadumu miezi 12. Maana yake kuna mtu pale jikoni aliyejua mwaka mzima, akanyamaza kwa sababu hakujua amwambie nani, au aliogopa. Kwenye mkahawa ule mpishi alijua. Alikuwa akipokea kilo 12 na kusikia zimeandikwa 20.

Kwa rushwa, Sheria ya Rushwa ya Kenya ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka katika taasisi, ya umma au ya binafsi, aripoti ndani ya saa 24 anapoijua au kuishuku, na inamlinda anayetoa taarifa dhidi ya vitisho. Afisa ununuzi anayepewa "asilimia yake" na muuzaji anashikwa na sheria hiyo. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina ofisi hapa Malindi, na hupokea taarifa hata kwa asiyetaka kutaja jina. Wizi wa mali ya mwajiri upelekwe polisi. Kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka saba.

Mwajiri, ukishagundua, usifanye hasira. Usimfungie mtu stoo, usimpige, usiende kupekua kwake na vijana wako. Weka daftari na risiti mahali salama kabla hujasema neno, kwa sababu karatasi hupotea usiku uleule. Kisha mwite umsikilize. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa na kujitetea akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na mwajiri anayeiruka hatua hiyo huweza kushindwa mahakamani hata wizi ukiwa wa kweli.

Mkahawa ule bado upo. Sasa mvuvi akifika, barafu hutolewa kwanza, samaki wanapimwa mbele ya mpishi na mvuvi mwenyewe, na wote wawili wanatia sahihi. Malipo hutumwa na mwenye mkahawa kwa simu akishaona picha ya mizani. Nilirudi Julai kulitazama daftari. Jumatatu kilo 17.4. Jumanne 9.8. Jumatano na Alhamisi mistari ilikuwa mitupu, na pembeni mpishi ameandika kwa kalamu nyekundu: bahari chafu, hakuna samaki.