Uso wa mraba, meno ya mraba? Hapana jamani

Hii ya "daktari, uso wangu ni wa mraba kwa hiyo nichongee meno ya mraba" imenichosha kweli. Siku hizi mtu anakuja na selfi imeshachorwa mistari na apu, ameshaamua anataka vinia nane (vigamba vyembamba vya kubandikwa mbele ya meno), kilichobaki ni mimi nishike drili tu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1914 daktari wa meno J. Leon Williams alisema jino la kati la juu ukiligeuza kichwa chini linafanana na uso wa mwenye nalo, akagawa makundi matatu: mraba, pembetatu na yai. Likapendwa kwa sababu linarahisisha kazi, unamwangalia kibogoyo usoni unamchagulia seti ya meno bandia. Waliokuja kupima watu wenye meno yao ya asili wakakuta uhusiano ni hafifu, wapo wengi tu wenye uso wa duara na meno marefu yaliyonyooka na wamependeza. Kwa mtu ambaye hana hata jino moja wala picha ya zamani hapo sawa, pa kuanzia ni hapo, lakini kukata enameli (gamba gumu la nje la jino) isiyo na tatizo kwa sababu hiyo, hapana.

Tena hiyo selfi yenyewe inadanganya. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua inaonekana pana kwa karibu 30% kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu, sasa apu inapima uso upi?

Wengine wanakuja na uwiano wa dhahabu, ile 1.618, eti ukitazamwa kwa mbele jino la pili lionekane 62% ya upana wa lile la kati, na chonge 62% ya la pili. Mtafiti Preston mwaka 1993 aliukuta uwiano huo kati ya jino la kati na la pili kwa 17% tu ya aliowapima. Mimi naangalia jino la kati lenyewe, upana ukiwa kama 75 hadi 80% ya urefu wake inatosha.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kwamba katika yote hayo hakuna anayeuliza meno yanakutanaje. Ukisogeza taya mbele huku umeuma, meno ya chini yanateleza nyuma ya yale ya juu, kwa hiyo ukirefusha ya juu milimita moja na nusu kufuata mstari wa apu umeshabadilisha njia ya taya, na kama unasaga meno usiku hizo vinia zitapasuka au kubanduka, au zitabaki zenyewe na meno ya chini ndiyo yatalika. Ndiyo maana nang'ang'ania majaribio kwanza: plastiki ya muda juu ya meno, bila kuchonga chochote, halafu sema "fafanua", "vifaa vifupi". Ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini kidogo tu, pale pabichi panapokutana na pakavu, zikichoma mdomo basi ni marefu mno. Kaa nayo siku kadhaa, ongea, cheka, jipige picha ukiwa mbali na kamera. Asiyetaka hatua hii mimi simchongi.

Mengine kwa kifupi. "Uso umefupika ni uzee tu": mara nyingi ni magego yaliyong'olewa yasirudishiwe au meno yaliyolika, theluthi ya chini ya uso inafupika, kidevu kinasogea puani na pembe za mdomo zinaingia ndani. Tunaweza kuurudisha urefu huo lakini kwa kipimo, maana taya likipumzika meno hayatakiwi kugusana, panabaki nafasi ya milimita 2 hadi 4.

"Kung'oa meno kabla ya waya kunabonyeza uso": inategemea. Mwenye meno na midomo iliyotokeza sana anataka hasa irudi nyuma, mwenye midomo bapa ndiye wa kufikiriwa mara mbili.

Kukandamiza ulimi juu kwenye kaakaa kutakubadilishia mifupa ya taya ukiwa mtu mzima? Hakuna ushahidi.

Na mstari wa kati, ule wa katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, ukihama milimita mbili jirani yako haoni, ukiinama ndio anauona haraka, kwa hiyo ulioinama nitaunyoosha na uliohama kidogo uache ulivyo.