Tela la kulala, kutoka Morogoro hadi Kimondo cha Mbozi

Kazi yangu ni kuchomelea matela: ya maji, ya mbuzi, ya jenereta. Hili la kulala nililitengeneza kwa ajili ya familia, na kila tunaposimama njiani swali ni lilelile: halipinduki?

Linapinduka, ukilipakia vibaya. Safari ya kwanza niliweka pipa la lita 200 nyuma kabisa, maana mama watoto alitaka maji yawe karibu na jiko. Lita 200 ni kilo 200. Zikikaa nyuma ya ekseli zinainua pua ya tela, yaani ncha ya mbele inayoshikana na gari, na pua ikiwa nyepesi mkia unaanza kucheza. Hatujafika Mikumi, kwenye mteremko, spidi 80, basi likatupita. Upepo wake tu ukatosha. Kwenye kioo nikaona tela linakwenda kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi. Ukikanyaga breki hapo umejimaliza: gari linapunguza mwendo, tela bado halijapata habari. Nikaachia mafuta, nikashika usukani bila kupambana nao, likatulia.

Siku hizi pua naipima. Naweka mizani ya kupimia watu chini yake, na kipande cha ubao juu ya mizani. Tela langu likijaa lina kilo 900, na pua inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo, kwa hiyo nataka isome kati ya 90 na 135. Pipa limehamia juu ya ekseli. Mama watoto amepewa ndoo.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, barabara kuu inapita kama kilometa 50. Nenda polepole, ukimgonga mnyama faini ni yako.

Mlima wa Kitonga watu huogopa kupanda. Mimi naogopa kushuka, na nashuka kwa gia ileile ambayo ningepandia. Nikifika juu nagusa habu zote mbili za tela, vitovu vya magurudumu, kwa mgongo wa mkono. Safari moja ya kushoto iliunguza na ya kulia ilikuwa vuguvugu: beringi nilikuwa nimeikaza mno. Nikalegeza nati kidogo, nikaikagua tena Lugalo. Pale, jirani na lami, upo mnara wa Wajerumani waliouawa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akiwamo. Wengi huupita wakiwaza chakula cha Iringa.

Kalenga tulikaa zaidi, mbele ya fuvu la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi, lilirudi 1954. Hebu fikiria, fuvu la mtawala wa Uhehe ndani ya mkataba wa kumaliza vita ya dunia.

Isimila tela linabaki juu, mnashuka korongoni kwa miguu kwenye nguzo za udongo. Mimi nilivutiwa na mashoka ya mawe ya watu wa kale. Yamechongwa pande zote mbili, mazito kwenye kitako, membamba kwenye ncha. Fundi yule alijua uzito ukae wapi.

Mwisho ni Mbozi. Kimondo kina urefu wa kama mita 3, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Uzito unaotajwa zaidi ni tani 12. Nikaanza hesabu: ekseli yangu inabeba tani moja na nusu, basi zingehitajika nane, na pua isipungue kilo 1,200.

"Na pipa la maji?" akauliza mwanangu.