Listi ya shule ikija na brandi na rangi, uliza kwanza kabla ya kulipa

Mzazi, kabla hujapanda matatu kwenda tao na hiyo listi ya shule, kaa chini kwanza na kalamu uisome pole pole. Najua Njaanuari haina subira, karo inangoja, landilodi anangoja, na mtoto anakuuliza kila asubuhi kama umeshanunua ile foda ya zambarau. Lakini kwa kazi yetu ya kusikiliza malalamishi ya wanunuzi hapa Nairobi tumepitia listi nyingi, za shule za serikali na za private, za PP1 ya chekechea mpaka za bodingi, na jambo moja linajirudia: mzazi ananunua kila kitu vile kimeandikwa kwa sababu anaogopa mtoto ataaibishwa mbele ya wenzake, alafu katikati ya termu anagundua vitu vingine havijawahi kuguswa.

Masharti ya kwenye listi hayana uzito sawa. Kuna sharti linalotoka kwenye somo lenyewe, kuna lile la kumrahisishia mwalimu kazi, na kuna lile ambalo ukilifuata mpaka mwisho linakupeleka kwenye duka la mtu. La kwanza lifuate, la pili lizungumzieni, la tatu una haki ya kulikataa na sheria iko upande wako.

Nianze na yale ya kufuata, manake wazazi wengi wakishachoka na listi wanaanza kukata hovyo, wanakata hadi vitu ambavyo mtoto anavihitaji kweli. Mtoto wa PP2 au Grade 1 akiambiwa alete kitabu cha dabo laini na kingine cha miraba, mwalimu hakukosa kazi ya kufanya. Dabo laini inamfundisha herufi ndogo zinaishia wapi na mkia wa g unashuka mpaka wapi. Miraba nayo inamfundisha tarakimu moja kwa kiboksi kimoja, makumi chini ya makumi, mamoja chini ya mamoja. Ukimnunulia singo laini ya kawaida kwa sababu ndio ilikuwa na bei nafuu, fungua hicho kitabu baada ya wiki mbili uangalie ukurasa wa hesabu: 3 imepanda juu ya 5, jibu limeteleza upande, na hesabu imekosewa ilhali mtoto anaijua vizuri tu kwa vidole.

Bodingi pia ni hivyo. Godoro la futi 2.5 kwa 6 linaandikwa hivyo kwa sababu ndio upana wa kitanda cha shule, ukinunua la futi 3 litaning'inia pembeni. Sanduku la bati lina vipimo kwa sababu lazima liingie chini ya kitanda au kwenye rafu, na mafundi wa Kamukunji ukiwapa hivyo vipimo wanakutengenezea, hakuna haja ya kununua kwa shule kama bei yao iko juu. Ndoo iwe na kifuniko, hapo sina ubishi, maji ya bodingi hayana ratiba. Lakini blanketi lazima liwe la rangi ya kijivu yenye mstari mmoja mwekundu, na linapatikana duka moja tu? Hapo weka alama ya kuuliza.

Kuna mfano mmoja mzuri sana wa kutofautisha mahitaji na brandi, nao ni kalkuleta. Listi za sekondari nyingi zinataja kampuni na hata namba ya modeli. Sasa chukua karatasi ya Hisabati ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, usome maagizo ya ukurasa wa kwanza: kinachoruhusiwa ni kalkuleta isiyopangiwa programu na isiyotoa sauti, na jedwali la hisabati la KNEC, yaani baraza la mitihani. Hakuna jina la kampuni. Baraza la mitihani lenyewe limetaja kazi ambayo kifaa kinafaa kufanya, likaachia mzazi sokoni. Kama KNEC inaweza kuandika hivyo, shule ya mtaa pia inaweza.

Twende kwa yale ya kumrahisishia mwalimu kazi, na hapa naomba tuwaelewe walimu. Mwalimu mwenye watoto 50 anasahihisha rundo la vitabu vya masomo mbalimbali, kwa hivyo anasema kavari nyekundu iwe ya Kiswahili, bluu ya Hesabu, kijani ya Sayansi, ndio akiangalia rundo ajue haraka. Ana haki kabisa. Lakini listi ikiandika kavari ya plastiki ya rangi fulani, ya saizi fulani, na hiyo rangi imeisha River Road yote, utapata mzazi ametembea maduka sita kutafuta kijani wakati kipande cha karatasi ya manila ya kijani kimebandikwa kwenye pembe ya kitabu kingefanya kazi ile ile. Mwambie mwalimu hivyo kwa heshima. Wengi wanakubali palepale, tena wengine wanashukuru, kwa sababu listi hawakuiandika wao, ilitoka ofisini ikiwa imenakiliwa kutoka mwaka juzi.

Kwa upande wa vifaa vya vitendo vya CBC, ule mtaala wa umilisi, hali ni hiyo hiyo. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vinavyopatikana kwenye mazingira ya mtoto. Vifuniko vya chupa vinahesabika sawasawa na zile shanga za plastiki za kununua, na katoni ya sabuni inakatwa ikawa saa, nyumba au gari. Ukiona listi inataka seti ya dukani kwa kazi ambayo katoni ingetosha, uliza kama mtoto anaweza kuja na cha kutengeneza nyumbani.

Alafu kuna vitu vya matumizi ya pamoja: tishu, sabuni, rimu za karatasi, dawa ya kusafishia choo. Tufanye hesabu kidogo. Listi ya nasari inasema kila mtoto alete roli 10 za tishu kwa termu. Darasa lina watoto 30, hizo ni roli 300. Termu ya wiki 13 ina siku kama 65 za masomo, kwa hivyo ni karibu roli 5 kila siku kwa darasa moja la watoto wadogo. Sisemi kuna mtu anauza tishu. Pengine zinagawiwa ofisi, jikoni na madarasa mengine, na pengine shule haina bajeti ya usafi ikaona njia rahisi ni kuzipitisha kwenye mabegi ya watoto. Lakini mzazi anafaa kuambiwa hivyo, kwa sababu pesa hiyo ni mchango wa kuendesha shule na inafaa kuhesabiwa kama mchango. Ukipiga hesabu ya darasa zima namna hii kabla ya mkutano, mazungumzo yanabadilika mara moja, watu wanaacha kulalamika na wanaanza kuulizana vitu vinaenda wapi.

Sasa lile la tatu, sharti la duka. "Sweta inunuliwe duka fulani pekee." "Viatu ni vya kampuni fulani pekee." "Vitabu vinapatikana ofisini kwa mhasibu, hatukubali vya nje." Hapa ndipo familia za Nairobi zinaumia zaidi, kwa sababu sweta ya rangi ile ile, uzi ule ule, inashonwa na fundi wa mtaani kwa bei ya chini, kinachokosekana ni beji tu. Ombeni shule iuze beji peke yake, mzazi aishonee kwenye sweta yake. Ni ombi rahisi, na shule ikikataa bila sababu inayoeleweka basi ujue tatizo sio sare.

Sheria inasemaje? Katiba kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule za umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwepo kama Waziri ameyaidhinisha kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto hafai kufukuzwa kwa sababu hajayalipa, na anayekusanya pesa lazima atoe risiti rasmi. Hiyo ya risiti ishike sana. Ukiambiwa badala ya kuleta rimu ya karatasi utume pesa M-Pesa kwa namba ya mtu, omba risiti ya shule, na kama hakuna, usitume.

Vitabu vya kiada navyo, tangu 2018 serikali inavinunua na wachapishaji wanavipeleka moja kwa moja hadi shule za umma. Kwa hivyo ukiona listi ya shule ya umma imetaja vitabu vya darasani, uliza kama vile vya serikali havikufika, vilipotea au ni nini. Vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya kuandaa mitaala, vimo kwenye orodha wanayoiita Orange Book, na kama kitabu hakimo humo ni cha ziada, sio cha lazima.

Shule za private zina uhuru zaidi wa kupanga ada zao, na ulipomwandikisha mtoto ulisaini fomu, hivyo rudi uisome: sharti la duka liliandikwa humo au limekuja Januari kwa WhatsApp? Hata hivyo mzazi wa private bado ni mnunuzi. Katiba kifungu cha 46 inalinda maslahi ya kiuchumi ya mnunuzi, kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, na mambo ya kufungia watu kwa muuzaji mmoja yanaangaliwa na Mamlaka ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Unaweza kupeleka malalamishi huko ukiwa na listi yenyewe, risiti, na meseji uliyotumiwa. Bila karatasi hata sisi tunashindwa kukusaidia, kwa hivyo usifute meseji za shule.

Lakini usikimbilie mamlaka kabla ya kuongea na shule. Mimi ningeanza na meseji fupi kwa mwalimu wa darasa, isiyo na hasira, kitu kama hiki: "Habari za asubuhi mwalimu. Mimi ni Mama Brian wa Grade 3. Nimepokea listi, asante. Naomba kujua kama kreyoni za kampuni nyingine zinakubalika mradi ni rangi 12, na kama sweta isiyo na beji inaweza kuvaliwa mpaka mwisho wa Januari nikiendelea kujipanga. Asante sana mwalimu." Umetaja vitu viwili tu, umependekeza njia, umetaja muda. Mwalimu akijibu sawa, una ushahidi wa maandishi na mtoto ana kinga pale getini.

Usimtume mtoto na huo ujumbe, tafadhali. Mtoto wa miaka minane akiambiwa "mwambie mwalimu hatuna pesa", anabeba hayo maneno siku nzima tumboni, wengine wanaamua kusema walisahau, wanaadhibiwa kwa uzembe ambao sio wao. Hayo ni maongezi ya watu wazima. Mwambie mtoto tu kwamba umeshaongea na mwalimu na vitu vingine vinakuja, asiogope.

Kwenye kununua kwenyewe, gawanya listi mara mbili. Cha wiki ya kwanza ni sare ya kuvaa, viatu, daftari za kuanzia, penseli na chakula chake. Vingine vingoje uone mwalimu anaanza na nini, manake daftari 12 hazijai kwa wiki moja. Wazazi wa darasa moja mkichanga mkanunua daftari kwa katoni kwa wauzaji wa jumla, bei inashuka kwa kila mtu, lakini kabla ya kulipa fungua moja uhesabu kurasa na uandike na kalamu ya wino uone kama inavuja upande wa pili. Kuna daftari zimeandikwa kurasa 200 na ukihesabu hazifiki. Kreyoni na rangi angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, hasa kwa watoto wa PP1 wanaotia kila kitu mdomoni. Kamusi na atlasi za mkono wa pili za pale katikati ya jiji hazina ubaya wowote, mradi kurasa zote zipo na toleo sio la zamani sana.

Na mwisho wa yote, listi haibadilishwi Januari, wakati huo imeshachapishwa na watu wana presha. Inabadilishwa termu ya tatu. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi, hiyo imeandikwa kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi na haijali kama shule ni ya umma au ya private, na kila darasa lina mwakilishi wake. Mpigieni huyo mwakilishi mwezi wa Septemba, mwombeni listi ya mwaka ujao iwekwe kwenye ajenda kabla ya kwenda likizo ndefu, na siku ya mkutano kila mtu abebe listi ya mwaka huu ikiwa na alama kwenye kila kitu ambacho mtoto wake hakukitumia.